Fundo Moja Nyekundu, Mafundo Mawili Nyeupe



Mimi ni mama wa watoto watatu. Naishi pembezoni mwa mji wa Arusha na kazi yangu ni shanga. Nashona ndala, mikanda, bangili, na ile mikufu mipana ya Kimaasai inayolala mabegani. Sina duka. Napeleka kwa wenye maduka ya mjini, nao wanawauzia wageni. Akina mama wa kikoba chetu wameniomba niandike yaliyonipata, kwa sababu wapo wanaopita njia ileile sasa hivi. Kama wewe ni mmoja wao, na labda unasomewa haya na mtoto wako kwa kuwa macho yako hayafiki tena kwenye maandishi, tulia. Nitakwenda polepole.

Asiyeshona shanga huona rangi tu. Sisi tunaoshona tunaangalia ukubwa kwanza. Shanga zina namba, na namba ikipanda punje inapungua: namba 8 ina upana wa kama milimita 3, namba 11 kama milimita 2. Nzuri ni zile za Cheki, za kioo, ambazo huja zimetungwa kwenye mashada na punje zake zinalingana. Zipo za bei rahisi zinazouzwa zikiwa zimemwagwa tu kwenye mfuko wa nailoni. Hizo unachambua mwenyewe, punje nene huku, nyembamba kule, zilizopasuka unatupa. Nyingine zimepakwa rangi kwa juu, mvaaji akitoka jasho rangi inabaki shingoni. Ukiingiza namba mbili tofauti kwenye mstari mmoja wa mkanda, mkanda unapinda, na mwenye duka anakurudishia hata kabla hujakaa. Kwa hiyo nusu ya kazi yetu ni kupanga. Kushona kunafuata.

Na kupanga kunataka macho.

Yangu yalianza kuniacha mwaka 2019. Nilidhani ni moshi wa kuni. Kila taa ya gari niliyokutana nayo usiku ilikuwa imezungukwa na duara la mwanga. Uzi ulianza kukataa kuingia kwenye tundu la sindano, nikasema ni sindano mbovu, nikanunua pakiti nyingine. Kisha bluu na nyeusi zikaanza kufanana. Kijani nacho kikaingia humohumo. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na kidogo, sikuwa bibi kizee, na nilimwambia mume wangu kwamba ni uchovu.

Nikaanza kuufuata mwanga. Asubuhi nilikaa mlangoni, mchana chini ya ukingo wa bati, jioni nyuma ya nyumba jua linakoelekea kutua. Kila nilipohama nilihama na makopo, sinia, mkasi, koleo ya kukatia waya, na kibonge cha nta ya nyuki cha kulainishia uzi. Kitu kimoja kilibaki mlangoni, kingine nyuma ya nyumba. Kopo la nyekundu lilifunikwa na mfuniko wa kopo la chungwa. Kuku walipita. Ile meza ambayo zamani ningeweza kuifanyia kazi nikiwa napiga soga bila kuitazama ikawa haipo tena. Ilikuwa imetawanyika uani kote.

Ndipo ukaja mwaka 2020. Tarehe 16 Machi ilitangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona nchini amepatikana, na alikuwa hapahapa kwetu Arusha. Aprili ndege za kimataifa zikasimamishwa. Mei ziliruhusiwa tena, lakini wageni hawakurudi kwa sababu nchi zao zenyewe zilikuwa zimefungwa. Maduka ya vinyago na shanga mjini yalitia makufuli. Mume wangu ni dereva wa watalii. Aliambiwa akae nyumbani, baadaye akaenda kulima maharage kwa kaka yake ili tupate chakula. Nani angetaja hospitali ya macho wakati ule? Mimi sikutaja. Tulikuwa tunahesabu unga.

Kuna kitu kingine kilichonifunga mdomo. Bibi yangu mzaa mama, tuliyemwita koko, alikufa kipofu. Alikuwa na vikope, ule ugonjwa ambao kope zinageukia ndani na kulikwaruza jicho kila mtu anapopepesa. Nilipokuwa mdogo nilikuwa namng'oa kope kwa kibano, amelaza kichwa mapajani pangu, halalamiki. Mwishowe alitembea ameshika ncha ya fimbo na mimi nimeshika ncha nyingine. Picha hiyo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani. Kila ukungu ulipozidi, niliiona ile fimbo, na upande wa mbele nilimwona binti yangu ameishika badala yangu.

Mwaka 2021 wageni walianza kuja kidogokidogo. Mwenye duka mmoja akaniita. Alitaka mikanda ya msimu wa Juni, akanipa shanga kwa mkopo: nyekundu, nyeupe, bluu, kijani, chungwa, nyeusi, namba 8 na namba 10. Nilizipokea kwa furaha na kwa woga. Jicho la kushoto wakati huo lilikuwa linajua tu kama ni usiku au mchana. La kulia lilikuwa nyuma ya ukungu. Binti yangu alinichagulia rangi akitoka shule, nikashona hadi giza, na tukasema tutafika.

Ilikuwa Aprili, masika. Mvua ilianza saa kumi jioni ikawa haikati. Banda lilivuja, tukamwingiza ndani mwanambuzi aliyekuwa ametengana na mama yake. Umeme ukakatika. Watoto walilala. Mume wangu alikuwa bado shamba.

Nilisikia meza inaanguka.

Halafu nikasikia shanga. Zilianguka kwenye sakafu ya saruji na hazikunyamaza haraka. Zilikimbia. Chini ya kitanda. Chini ya kabati. Kwenye tope alilokuja nalo mbuzi.

Nikawasha tochi ya simu. Sikuona kitu. Nikaisogeza karibu. Niliona mwanga, na ndani ya mwanga hakuna kitu.

Nikapiga magoti. Nikapapasa. Nilishika punje moja. Sikujua ni nyekundu au nyeusi. Nikashika nyingine. Sikujua. Nikaiweka kwenye ulimi, sijui kwa nini, kana kwamba rangi ina ladha. Shanga haikuwa yangu. Hata moja. Zote zilikuwa za mkopo.

Nikakaa chini. Maji ya mvua yalikuwa yanaingia kwa chini ya mlango, nguo ikalowa. Sikuinuka.

Nilifikiri mambo ambayo siyaandiki hapa. Wewe uliyewahi kufika pale unayajua. Nilifikiri watoto watakula nini. Nilifikiri mume wangu ni kijana bado, kwa nini afungwe na mke wa kuongozwa kwa fimbo. Nilijaribu kuomba. Maneno hayakuja. Nikamkumbuka Bartimayo pale kando ya barabara ya Yeriko, watu wanamwambia anyamaze naye anazidi kupiga kelele. Mimi hata kelele sikuwa nayo. Nilitamka jina la Yesu. Nikalitamka tena. Hiyo ndiyo ilikuwa sala yangu yote ya usiku ule, na mpaka leo mvua ikinikuta usiku huwa naamka kuhakikisha mlango wa chumba cha kazi umefungwa.

Asubuhi wifi yangu alipita kuomba moto. Akanikuta palepale. Huyu wifi si mtu wa maneno mengi. Hakuniambia pole. Alisema, "Inuka, wifi, ubadili nguo, utapata homa." Akamtoa mbuzi. Akatandika mkeka uani, maana mvua ilikuwa imekatika, akawaita watoto wangu na wake, akaanza kazi.

Naieleza kazi ile kwa urefu kwa sababu huenda ikakufaa. Shanga zilizomwagika hazifagiliwi, ufagio unazirusha mbali zaidi. Alichukua kipande cha sponji ya godoro, akakilowesha na kukikamua, akawa anakigandamiza sakafuni. Punje zinanasa, unazikung'utia kwenye beseni la maji. Tope likabaki kwenye maji, shanga zikatulia chini. Akazianika juu ya kitambaa. Zilipokauka akaleta chekeche, akachekecha, na zile za namba 10 zikapita huku za namba 8 zikibaki juu. Hapo tayari mlima ulikuwa umegawanyika mara mbili bila mtu kuhitaji macho makali. Kisha kila mtoto akapewa treya ya mayai na rangi moja ya kutafuta. Mmoja nyekundu tu, mwingine nyeupe tu. Mtoto akitafuta rangi moja anakwenda haraka kuliko mtu mzima anayetafuta sita. Sindano zilizokuwa zimetawanyika walizipata kwa sumaku ya spika iliyokufa, wameifunga kamba na kuiburuza sakafuni, na huo ukawa mchezo.

Mimi nilikaa nimejifunika kanga, nawasikiliza wakicheka. Sikucheka. Lakini nilikuwa nasikiliza.

Mchana ule mama yangu mzazi alipiga simu kutoka Monduli. Wifi alikuwa amemwambia. Nikalia sana. Nikamwambia, "Mama, nimekuwa koko." Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Koko yupi? Wewe unamkumbuka wa fimbo tu. Huyakumbuki makopo yake?"

Sikuyakumbuka. Nilikuwa mdogo, au nilikuwa nimetazama fimbo tu.

Mama akanieleza. Koko aliendelea kutunga shanga za watoto wachanga na za kiunoni mpaka karibu na kufa. Kila rangi ilikuwa na kopo lake, na kila kopo lilikuwa na kamba shingoni yenye mafundo. Fundo moja nyekundu. Mawili nyeupe. Matatu bluu. Ole wako mjukuu uliyehamisha kopo. "Alikuwa haoni," mama alisema, "lakini hakuwahi kumtungia mtoto nyeusi akidhani ni nyekundu. Mwambie mumeo akutengenezee rafu."

Mume wangu aliporudi kutoka shamba aliitengeneza, kwa mbao za makasha ya mizigo, na akaipigilia kwenye ukuta wa chumba cha nyuma ili hata mbuzi kumi wasiiangushe. Tuliipanga hivi. Upande wa mlango nyekundu, kisha nyeupe, bluu, kijani, kwa mafundo kutoka moja hadi manne. Kwa chungwa na nyeusi hatukuendelea na mafundo. Kidole gumba kikifika kwenye matano kinaanza kubahatisha. Chungwa tukaifunga kifungo cha shati, nyeusi kipande cha ngozi. Ukubwa wa punje tuliutofautisha kwa umbo la chombo: namba 8 kwenye makopo mapana ya maziwa ya unga, namba 10 kwenye vichupa vyembamba vya vidonge. Kwa hiyo mkono ulikuwa unasoma vitu viwili kwa mguso mmoja.

Meza ilibaki na vitu vichache. Sinia lenye ukingo, ndani yake kipande cha blanketi ili punje zisiviringike. Upande mmoja wa blanketi ni mweusi, wa kushonea nyeupe na chungwa. Upande wa pili tulishonea kitambaa cheupe kwa ajili ya rangi za giza. Hata kwa jicho lenye ukungu hilo linasaidia, unaona angalau kivuli cha punje. Mkasi ulifungwa kamba kwenye mguu wa meza. Nta ilikaa ndani ya kikopo cha dawa ya viatu. Mizunguko ya waya ilitundikwa kwenye misumari, mnene chini, mwembamba juu. Na kiti changu hakikutazama tena mlangoni. Nilikuwa nimezoea kulitazama jua uso kwa uso nikidhani ndiyo namna ya kupata mwanga, na kumbe mwenye ugonjwa wangu mwanga wa mbele unamtia upofu zaidi. Tuligeuza meza dirisha likawa nyuma ya bega la kushoto.

Sheria ilikuwa moja: kopo halifunguliwi mpaka lililotangulia limefunikwa. Ukitaka nyeupe, funika nyekundu kwanza. Inachosha. Wafanyakazi wa haraka wataidharau. Mimi iliniokoa siku ile mkono ulipoteleza na kopo likaanguka likiwa limefungwa.

Iliyobaki ilikuwa sindano. Hiyo hakuna rafu inayoiweza. Binti yangu na kaka yake walikubaliana wenyewe, sikuwaomba: kila asubuhi kabla ya kwenda shule walitunga nyuzi kwenye sindano nyingi, wakazichomeka kwenye kipande cha sponji mezani pangu, safu kwa safu. Niliamka nikazikuta. Uzi ukiisha nachomoa nyingine. Mtoto wa darasa la tano anakutungia sindano kumekucha, sare ameshavaa, halafu anakuaga kana kwamba hajafanya kitu. Nisingeweza kuisahau hiyo hata ningetaka.

Nilishona kwa kuhesabu. Nyekundu tano, nyeupe mbili, bluu moja, rudia. Niliacha namba 10, nikabaki na namba 8, na michoro ikawa ya mistari na miraba tu. Jioni binti alipitisha macho yake kwenye kazi ya siku na kuniambia palipo sawa na pa kufumua. Mwenye duka alipata mikanda michache kuliko aliyoagiza, na kwa kuchelewa. Alikubali kupokea iliyopo. Deni lilipungua.

Sasa nije kwenye hospitali.

Kulikuwa na mtu sokoni aliyekuwa anauza matone ya "kuyeyusha ukungu." Jirani alininunulia kwa moyo mwema. Wifi aliichukua ile chupa akaimwaga nyuma ya choo, akasema jicho la mtu si sufuria la kusuguliwa. Baadaye niliambiwa na wataalamu kwamba hakuna matone yanayoondoa mtoto wa jicho, ni upasuaji tu. Maana ndicho nilichokuwa nacho. Nilipokwenda kupimwa, nesi wa macho alinimulika tochi kidogo tu akasema: mtoto wa jicho, macho yote mawili. Akaniuliza umri. Akaniuliza kama naamka usiku kukojoa, kama nina kiu isiyoisha. Nilikuwa navyo vyote. Akanichoma kidole. Sukari ilikuwa 19. Asubuhi kabla ya kula haitakiwi kufika hata 7.

Niliogopa upya. Nilikwenda kwa ugonjwa mmoja nikarudi na miwili. Lakini yule nesi alinieleza kwa utulivu kwamba huo wa pili ndio mzazi wa huo wa kwanza: sukari ikikaa juu muda mrefu inaitia lenzi ya jicho ukungu mapema, na ndiyo sababu mtoto wa jicho amenipata kabla ya uzee. Akasema mtoto wa jicho si vikope. Vikope vilimfanyia koko makovu kwenye kioo cha mbele cha jicho. Tatizo langu lilikuwa nyuma ya hapo, na linaweza kutolewa. Lakini sukari ishuke kwanza, kwa sababu kidonda cha mwenye sukari ya juu hakiponi vizuri.

Nikaanza vidonge. Nikaacha chai ya sukari. Ugali ukapungua, majani yakaongezeka. Ilichukua miezi. Wakati huohuo watu wangu walihangaika. Kikoba kilifungua mfuko wa jamii. Umoja wa wanawake wa usharika wetu ulipitisha bahasha. Shemeji alileta alichopata kwenye maharage. Na yule mwanambuzi aliyeangusha meza alikuwa ameshakua dume la maana. Tulimuuza. Sikumlilia.

Mwaka 2022 nilipanda basi na wifi kwenda Moshi, hospitali ya KCMC. Ni kama kilomita 80, na njia nzima nilishika mkono wake. Usiku wa kuamkia upasuaji sikulala. Waliniambia sitalazwa usingizi, nitachomwa sindano ya ganzi kando ya jicho, nitakuwa nasikia. Nilisikia. Nilisikia vyuma vikiwekwa kwenye sinia. Nilisikia daktari akiomba kitu kwa sauti ya chini. Niliona taa, halafu rangi zikipita ndani ya taa. Haikufika nusu saa. Wakanifunga bandeji.

Kama uko karibu kufanyiwa, ngoja nikuambie ukweli: usiku wa bandeji ndio mgumu. Hauna maumivu makubwa. Ni mawazo. Unalala ukijiuliza watakuta nini chini ya bandeji. Nilikuwa nimevaa bangili aliyonitungia binti kwa zile shanga za mwisho za usiku wa mvua, ambazo watoto walichoka kuzichambua. Niliizungusha mkononi mpaka asubuhi.

Nesi akafungua bandeji. Akasema nitazame chini kwanza.

Nikatazama mkono wangu. Kulikuwa na bluu.

Sijui kama nitaweza kukueleza. Kwa miaka mitatu bluu ilikuwa imekuwa matope, na nilishasahau kwamba si hivyo ilivyo. Daktari alisema ni kawaida, kwamba lenzi iliyochakaa inageuka ya manjano na kuzuia bluu, na wengi wakitolewa ndiyo rangi wanayoisema kwanza. Mimi sikusema kitu. Wifi, ambaye hakulia siku ya shanga kumwagika, alitoka nje.

Baada ya hapo ilikuwa matone ya kila siku, kutoinama, kukaa mbali na moshi wa jiko. Wifi alipika kwangu na kwake. Jicho la pili lilifuata miezi michache baadaye. Lenzi waliyoniwekea inaona mbali vizuri lakini haijui kujivuta kwa karibu, kwa hiyo kwa shanga navaa miwani ya kusomea. Namba 10 nimeirudia. Ile mikufu mipana ya waya, ambayo safu zinashikiliwa na vipande vya ngozi au vya plastiki ya dumu vyenye matundu, nayo nimeirudia.

Makopo hayajasogezwa. Mafundo yapo. Watu wanaokuja wananiuliza mbona sasa unaona, kwa nini usiyafungue. Huwa nawajibu kwamba ni mapambo. Sababu ya kweli ni kwamba bado naogopa. Kila asubuhi kabla ya kukaa mezani nafumba jicho la kulia na kuitazama rafu, kisha nafumba la kushoto. Natazama kama bluu bado ni bluu. Nimeambiwa sukari inaweza kuingia mpaka nyuma kabisa ya jicho, kwenye retina, na kwamba huko hakuna lenzi ya kubadilisha, kwa hiyo kila mwaka naenda kupimwa. Wiki ya kwenda silali vizuri. Siku nyingine nikiwa peke yangu nafumba macho yote mawili na kushona mstari mzima kwa mafundo, nione kama mkono bado unakumbuka.

Sijaandika haya kusema kila jicho hufunguka. Kwenye kikoba chetu yuko mama mmoja mtu mzima, fundi wa hereni kuliko mimi, ambaye tatizo lake ni presha ya macho. Ameambiwa kilichopotea hakirudi, matone ni ya kulinda kilichobaki. Aliposikia aliacha kuja. Akagawa shanga zake. Tulimfuata kwake tukamkuta amekaa gizani mchana, na mimi nililijua giza lile. Sikumwambia atapona. Nilimpa kopo langu la nyekundu alishike, nikaweka kidole chake kwenye fundo. Akalizungusha. Akauliza nyeupe ni mangapi. Nikampa la pili. Akakaa muda, halafu akasema mafundo yangu yako karibu mno, kidole chake ni kinene, yeye angeyaachia nafasi.

Tunamfungia yake kwa nafasi. Waliopewa shanga zake wamezirudisha, isipokuwa mmoja aliyekwisha kuzishona, naye ameleta nyingine. Mume wangu amepata mbao. Jumamosi baada ya kikoba tunakwenda kupigilia rafu, na yeye mwenyewe ameomba nyeusi isikae mwisho. Anaitaka karibu na nyekundu, kwa sababu hereni zake nyingi zinaanza na hizo mbili.